Farasi wa Kampuni

Bibi aliyenipita Kitonga Jumanne alikuwa amekaa upande kwenye bodaboda, amempakata mbuzi, na nyuma yake kiroba cha vitunguu kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Hakunipita kwa pupa. Kijana wa boda alipunguza mwendo usawa wa mlango wangu kwa sababu bibi alitaka kunisalimia, na mimi, huku juu kwenye usukani wa semi yenye salfa ya kwenda migodini Kongo, nilikuwa na muda wa kuitikia kila salamu.

"Kamwene!"

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Mbona limesimama?"

"Linatembea, bibi."

Hakuniamini. Alimshika mbuzi pembe asidondoke, akainama upande, akalitazama tairi la mbele. Watu wa tairi kule Mikumi walikuwa wamelichora alama ya chaki. Bibi akaisubiri ile chaki ishuke, iguse lami, ipotee, ipande tena upande wa pili. Alipoiona imerudi akamgeukia kijana wake.

"Ee, kweli. Linatembea." Kisha akaniambia mimi, kwa huruma isiyo na chembe ya dhihaka, na hilo ndilo lililoniua: "Pole, mwanangu. Tungekupokea mzigo kidogo, ila nina mbuzi."

Wakaondoka. Mbuzi peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama.

Utingo wangu alikuwa ameelekeza uso kwenye korongo, mabega yanamtikisika. Nilimuuliza anacheka nini, akasema anakohoa vumbi. Kitonga ni lami toka chini hadi juu.

Ungekuwa wema kama mambo yangeishia hapo, lakini mlima ulikuwa bado mrefu na mimi nilikuwa bado ndani yake. Nyuma yangu kulikuwa na basi, na nyuma ya basi msururu ambao mwisho wake sikuuona hata kwenye kona ambazo mtu anaona nyuma yake kama yuko mbele. Kondakta wa basi alitoa nusu ya mwili nje akapiga kelele: "Toeni jiwe hilo!" Abiria wakacheka, simu zikatoka madirishani. Nyani wa Kitonga, ambao kazi yao ni kukaa pembeni wakisubiri ndizi za wasafiri, wakaona hapa pana jambo, wakasogea. Mmoja, dume lenye kovu puani, alitembea sambamba na tangi langu la mafuta kipande kizima cha barabara. Mwishowe akakata tamaa, akatutangulia.

Halafu ikaja iliyoniuma kuliko bibi. Pale panapofunguka kidogo nikasikia mngurumo, nikaona kwenye kioo wingu jeusi, na ndani ya wingu Scania 113 ya miaka ya 1990, mali ya mtu binafsi, bamba la mbele limefungwa kwa waya, mzigo umefunikwa turubai lenye viraka, nayo imeinama nyuma kwa uzito usiopungua wangu. Ikanipita. Utingo wake alikuwa amekaa dirishani anakula muhogo wa kuchoma. Aliponifikia akainama miguuni mwake, akanyanyua kamba ya kuvutia gari, akaionesha kwa mikono miwili na kuniuliza kwa nyusi kama naihitaji.

Basi likapata ujasiri, nalo likatoka nyuma yangu kwenye kona isiyoonesha kitu mbele. Sikucheka na wala sicheki hadi leo. Nitalirudia.

Kabla hatujafika juu simu ikaita. Utingo akaiweka sauti ya nje. Alikuwa dada wa chumba cha ufuatiliaji, ofisini Dar es Salaam, ambako gari langu ni nukta ya kijani kwenye kioo.

"Dereva, naona mwendo umeshuka sana. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, dada. Ni mlima."

Nikamsikia akibofya. "Mlima uko wapi? Kwangu hapa naona barabara tu."

"Ndiyo hiyohiyo barabara. Imesimama."

"Sasa mimi nijaze nini? Hapa kuna foleni, ajali, pancha, mizani na mapumziko. Mlima haumo."

"Andika pembeni."

"Haina pembeni."

Akajaza mapumziko. Kwa hiyo kumbukumbu za kampuni zinasema Jumanne, kuanzia chini ya Kitonga hadi juu, mimi nilikuwa nimepumzika.

Video nayo ilikuwa imeshafika kwenye kundi la madereva kabla sijafika Iringa. Tunduma, kwenye foleni ya mpaka, watu nisiowajua waliniita kwa jina jipya. Wakala wa forodha aliponigongea mhuri hakuuliza habari za safari. Aliuliza: "Linatembea?"

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi. Nimejaza hesabu nyuma ya risiti za mizani, nimewasumbua mafundi, nimemchosha utingo. Swali langu lilikuwa moja: inakuwaje bodaboda ya cc 150 inishinde mimi mwenye injini ya lita 13? Nilidhani nitapata jibu la kuniliwaza. Nimepata la kunishangaza, na ninalitangaza kwa yeyote atakayekaa nami kwenye foleni.

Tuanze na farasi. Kipimo hiki kilienezwa na James Watt, Mskoti wa karne ya 18, aliyetaka kuwauzia watu injini za mvuke na akaona wataelewa vizuri zaidi akiwaambia injini moja ni sawa na farasi wangapi. Kwa vipimo vya sasa farasi mmoja ni uwezo wa kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Hayo tu. Sasa chukua farasi 380, hao ndio niliojikadiria kwa mwendo wangu wa mlimani, wape tani 50, yaani kichwa, tela na salfa. Wote wakivuta kwa moyo mmoja, bila hata mmoja kutegea, wanaunyanyua mzigo ule sentimita 57 kwa sekunde.

Ila hawavuti wote. Wengine wanaliwa na gia boksi na difu. Wengine wanakwenda kwenye kompresa ya upepo wa breki. Matairi yanapojikunja na kujikunjua juu ya lami yanachukua fungu lao. Feni ya rejeta, injini ikipata joto mpaka feni ikashika, inaweza kula farasi 30 na zaidi peke yake, kwa ajili ya kupuliza tu. Ukishawatoa wote hao, waliobaki hawafikishi nusu mita kwa sekunde kwenda juu. Usawa wa goti la mtu mzima.

Hapo ndipo kalamu iliponidondoka. Maana yake ni kwamba umbo la barabara halina neno. Liwe kali au la taratibu, liwe na kona au limenyooka, gari langu linapanda angani goti moja, goti moja. Morogoro mjini iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na Iringa imepita mita 1,500. Kilomita nzima ya kwenda juu, kwa mwendo wa chini ya nusu mita kwa sekunde, ni zaidi ya nusu saa ya kunyanyua mzigo tu, na hakuna dua wala matusi ya kondakta yatakayoipunguza.

Mpandishe bibi sasa kwenye mizani. Bodaboda yake, yeye, kijana, mbuzi na vitunguu haviwezi kuzidi sana kilo 300. Injini ina farasi wasiozidi 12. Ukigawa, kila tani ya msafara wa bibi inavutwa na farasi 40. Kila tani yangu inavutwa na farasi saba na kipande. Yaani bibi alikuwa na nguvu mara tano kuliko mimi na hakujua, ndiyo maana aliniomba radhi. Toyota IST yenye watu ndani inapata farasi 70 hivi kwa kila tani, na mwenye IST ndiye anayepiga honi kuliko wote.

Tambarare nayo ina siri yake. Kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyolala, gari langu lenye mzigo halihitaji hata farasi 180. Nusu ya zizi imelala. Ndiyo maana kuanzia Chalinze dereva anajiona mfalme, anapiga mluzi, anadhani ana gari. Lakini mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100 ukitaka kuupanda kwa kilomita 80 zilezile, unahitaji karibu farasi 1,200. Lori la barabarani lenye nguvu hizo hutalikuta Tunduma. Kwa farasi 380 utaupanda kwa kilomita 26 au 27 kwa saa, na mwenye 440 ataupanda kwa kama 31. Kwenye mlima wa kilomita 8 tofauti yao haifiki dakika tatu. Aibu yote niliyoipata Jumanne, kamba, video na jina jipya, inaingia ndani ya dakika tatu.

Nilikuwa karibu kusamehe. Kisha nikalitazama bango la mlangoni mwa gari langu. Limeandikwa 440.

Nikaanza kutafuta farasi sitini.

Fundi wa kwanza alisema filta. Ana haki ya kulisema, kwa sababu dizeli yenye uchafu huziba filta ya mafuta kidogokidogo, na kwenye tambarare hutajua kwa kuwa injini inakunywa kidogo. Mlimani inataka kunywa kwa kasi na koo limeziba. Filta ya hewa nayo ikishashiba vumbi mambo ni yaleyale. Tulibadilisha zote mbili. Bango likabaki 440 na gari likabaki lilivyo.

Wa pili alisema tabo. Tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, halafu chenyewe kinasukuma hewa safi iingie kwenye silinda kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma dizeli nyingi. Inazunguka kwa kasi inayoweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika, na inafanya hivyo kwa takataka ambayo injini imeshaitupa. Sijawahi kupenda kifaa chochote hivi. Hewa ikitoka hapo ina joto, kwa hiyo inapitishwa kwenye intakula ipoe na ijibane. Hozi ya intakula ikipasuka uwazi wa kucha tu, hewa inatoka kwa mluzi, moshi unakuwa mweusi na gari linakufa mlimani. Fundi alizipaka hozi zote povu la sabuni tukatazama kwa makini. Hakuna lililobubujika.

Wa tatu alisema gari linadai AdBlue. Hili nalo ni la kweli, na lina uchungu wake. Malori mengi yanakuja kwetu baada ya kumaliza maisha ya kwanza Ulaya, na yanakuja na malezi ya kule. Kwenye bomba la moshi kuna mtambo unaonyunyiza maji ya yurea, ndiyo hiyo AdBlue, ili kupunguza sumu. Ukikosa maji hayo, au sensa yake ikiharibika, kompyuta ya gari ambayo ilifundishwa sheria za Ulaya inapunguza nguvu ya injini ya kuzungusha kwa asilimia 40. Haijali kwamba uko nje ya mji wa Mikumi na hakuna afisa wa mazingira hata mmoja kati yako na Bahari ya Mediterania. Lakini langu lilikuwa limeshatolewa ushamba huo zamani.

Wa nne hakushika spana. Alikuja na laptopu, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kwa dakika mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ofisi inajua kwamba nimemleta.

"Kaka, gari lako ni zima kabisa," akasema. "Limefungwa."

Injini za siku hizi, nimekuja kujua, ni chuma kilekile kinachouzwa kwa bei tofauti. Lita 13, silinda 6, inatoka kiwandani ikiwa na farasi 420, 460 au 500, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeandikwa ndani ya kontroli boksi. Aliyenacho kifaa anaweza kuwatoa farasi nje au kuwarudisha zizini bila kufungua nati moja. Ofisi yangu iliwarudisha sitini. Na haikuishia hapo. Kwenye gia za chini gari langu haliruhusiwi kuvuka mizunguko 1,400 kwa dakika, wakati nguvu zake zote ziko jirani na 1,800. Gia boksi inajibadilisha yenyewe na inapenda gia kubwa. Ile nafasi ya kukandamiza pedali ya mafuta hadi mwisho ili gari lielewe kuwa una shida, imefutwa. Nakanyaga mpaka soli ya kiatu inagusa zulia, na gari linajibu kiofisi: ombi lako limepokelewa. Na Jumanne, kwa sababu tulitoka bondeni saa nane mchana na joto likapanda, sensa ya joto nayo ikakata sehemu yake ili injini isichemke. Kila mwenye mkasi alikata.

Ile Scania iliyonipita haina wa kumwomba ruhusa. Pampu yake ni ya chuma, inarekebishwa kwa bisibisi, na fundi wake wa uchochoroni ameifungua imwage dizeli kadiri inavyotaka. Ndiyo lile wingu jeusi: mafuta yasiyopata hewa ya kutosha kuungua. Anaharibu injini, anaharibu mapafu ya nyani, na anafika juu mapema.

Nisiifanyie ofisi dhuluma. Anayeona barabara kwenye kioo anaona mambo ambayo mimi sioni. Ukishuka kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80, upinzani wa upepo unapungua kwa kama moja ya tano, na kwenye mamia ya kilomita za tambarare hizo ni lita za kweli. Klachi inadumu, tairi zinadumu, na sheria yenyewe inasema magari makubwa yasizidi 80. Na nawajua wenzangu wanaouza mafuta kwa dumu nyuma ya vibanda, halafu wakaripoti kwamba mlima ulikula. Kwa ajili yao mimi nina lakiri kwenye tangi.

Ila hesabu ya mlima haibadiliki kwa kulifunga gari. Kuinua tani 50 mita 100 kwenda juu kunataka takriban lita 4 za dizeli, ukimbie, utambae au utembee na nyani. Kutoka usawa wa Morogoro hadi usawa wa Iringa ni karibu lita 40 za kunyanyua tu, mbali na zile za kusukuma upepo na matairi. Mlima hautoi punguzo kwa mwenda pole. Lakini ofisi hunipimia dizeli kama anayempimia mgeni sukari ya chai: kilomita kadhaa, lita kadhaa, barabara yote imelala. Zikizidi, nakatwa kwenye posho. Nilipoandika kwenye fomu ya maelezo kwamba tofauti imetokana na nguvu ya mvutano wa dunia, iliulizwa risiti yake.

Na muda. Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Ratiba nayo imeandikwa na mtu yuleyule wa barabara iliyolala. Dakika tatu za Kitonga ni kitu kidogo, lakini Kitonga si mlima peke yake, na gari lililofungwa halipotezi tatu. Siku ya joto linapoteza ishirini, thelathini. Muda huo siwezi kuurudisha kwenye tambarare, maana kwenye 80 nimefungwa vilevile. Siwezi kuurudisha mizani, kule foleni haina haraka. Kuna mahali pamoja tu pa kuutoa, nao ni usingizi. Dereva anayefika Makambako usiku akiwa nyuma ya ratiba hafikirii farasi. Anafikiria alale saa ngapi aamke saa ngapi. Na mimi, kumbuka, Jumanne nilikuwa nimeshapumzika. Imo kwenye kumbukumbu. Nilipoegesha Makambako nifumbe macho, simu iliita kuniuliza kwa nini napumzika tena.

Na lile basi. Nilisema nitalirudia. Liliingia upande wa kulia kwenye kona, abiria wote wamesimama kuangalia, na kutoka juu likashuka tangi la mafuta. Nilikanyaga breki, nikampa nafasi, akapenya. Kuisimamisha semi yenye tani 50 katikati ya Kitonga na kuiondoa tena kwa farasi waliopunguzwa ni adhabu ambayo sitaieleza. Lakini ingekuwa vinginevyo, taarifa ingesema uzembe wa dereva wa basi, na ingekuwa kweli. Isingesema kwamba mbele yake kulikuwa na lori lililofanywa bovu kwa makusudi, kwa laptopu, na watu wenye nia njema ya kuokoa dizeli. Kwenye fomu ya ajali pia hakuna pembeni.

Mengine yaliyonikuta safari hiyo si ya kusimulia kwa kirefu. Mlima Nyoka nilipitwa na lori lililokuwa likivuta lori jingine. Upande wa Zambia mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli ya mkaa aliniomba nisimbane. Iwambi, wakati wa kurudi, ilikuwa usiku, namshukuru Mungu.

Nilipofika Dar nilikwenda kwa meneja wa magari. Ni mtu muungwana. Alinisikiliza, akaitazama risiti yangu ya mizani yenye hesabu, akaigeuza, akaniuliza kwa nini nimeandika kwenye nyaraka ya kampuni. Nikamwomba jambo moja tu: aliyelifunga gari apande kiti cha utingo safari moja, Kitonga saa nane mchana, na yeye ndiye aitikie salamu. Akaandika kitu. Akasema mawazo ya madereva yanathaminiwa, na kwamba kilio chetu kimeshasikika: magari mapya yameingia, farasi 480, na langu ni mojawapo.

Utingo alipiga kigelegele hadharani. Tukaenda yadi mbio. Lilikuwa linang'aa, viti bado na nailoni, namba za usajili hazijafungwa. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na chini ya usukani kijana mmoja, amepiga goti, amechomeka waya.

Nikamuuliza anaacha farasi wangapi. Akasema hilo nikaulize ofisini. Ofisini wakasema hilo ni la kiufundi, nimuulize fundi. Niliporudi yadi kijana alikuwa ameshaondoka, na namba mlangoni ilikuwa bado 480, maana stika haifutwi kwa laptopu. Kesho tunapakia. Waliotolewa wamebaki huko kati ya gereji na ofisi, na waliobaki, idadi yoyote iwayo, wanakwenda na mimi Kongo.